Muuguzi aliyeanika ugonjwa wa mtoto mtandaoni: Funzo kwa wazazi kuhusu siri na chanjo

MWISHONI mwa Agosti 2018, muuguzi wa hospitali ya watoto ya Texas Children's iliyopo Houston, Marekani, aliandika katika kundi la Facebook la wazazi wasiochanja watoto wao. Alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa hospitalini kwao, mtoto mdogo aliyeshukiwa kuwa na surua. Siku chache baadaye hospitali ikatangaza kuwa muuguzi huyo si mfanyakazi wake tena.

Hakutaja jina la mtoto wala la wazazi wake. Ndiyo maana habari ile ilipozagaa wazazi wengi waliuliza: kama hakumtaja mtu, kosa lake ni lipi? Wengine wakauliza la pili: inakuwaje mtu anayefanya kazi wodini, tena ya watoto, awe anapinga chanjo?

Maswali hayo mawili ni tofauti, lakini yote yanamgusa kila mzazi anayempeleka mtoto hospitali. La kwanza linahusu siri ya mgonjwa. La pili linahusu ushauri unaopewa na mtu unayemwamini kwa sababu amevaa sare.

Alichoandika

Kwa mujibu wa picha za skrini zilizosambaa wakati huo, muuguzi alieleza kuwa mtoto alikuwa mgonjwa sana na kwamba kumwona katika hali ile kulimuumiza. Alikiri kuwa surua ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Alisema watu wanaokataa chanjo, yeye akiwamo, huzungumzia magonjwa haya kirahisi kwa sababu wengi wao hawajawahi kuyaona kwa macho na huenda wasiyaone kamwe.

Mtu angetarajia baada ya maneno hayo abadili msimamo. Hakubadili. Aliandika kuwa ataendelea kutochanja. Tena akaeleza kuwa alipitiwa na wazo la kuchukua ute wa kinywani mwa mtoto yule na kwenda nao nyumbani kwa mwanawe, ili naye augue na kupata kinga ya asili.

Picha za maandishi hayo zikafika hospitalini. Uongozi ukasema maoni ya muuguzi hayakuwa ya hospitali, na kwamba alikuwa ameweka kwenye mtandao wa kijamii taarifa za afya za mgonjwa zinazolindwa na sheria. Akaondolewa kazini.

Bila jina, bado anajulikana

Marekani ina sheria ya mwaka 1996 inayojulikana kwa kifupi kama HIPAA. Chini ya sheria hiyo, taarifa inayolindwa si jina peke yake. Tarehe ya kulazwa, eneo analoishi mgonjwa, picha ya uso, namba ya simu, namba ya jalada na mambo mengine yanayoweza kumwelekeza msomaji kwa mtu fulani, yote yanahesabiwa.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Jina ni njia moja tu ya kumtambua mtu. Ukisema ni mtoto mdogo, yupo hospitali fulani, wiki hii, ana ugonjwa ambao ni nadra katika mji huo, umekwisha kumtaja kwa wanaomfahamu. Jirani aliyeona gari la wagonjwa atajua, na mwalimu wa shule ya awali anayejiuliza kwa nini mtoto haji darasani atajua pia.

Huku kwetu jambo hili liko karibu zaidi. Fikiria mhudumu wa zahanati anaandika kwenye status yake ya WhatsApp: "Leo tumepokea mtoto wa miaka miwili kaungua na uji wa moto. Wazazi tuwe makini." Hajataja jina. Lakini wanaoitazama status hiyo ni watu wa mtaa uleule, na uji ulimwagika asubuhi ileile. Kabla ya saa nne mama wa mtoto anaanza kupigiwa simu za pole, nyingine zikiwa za kumlaumu, naye yuko wodini mtoto hajatulia.

Nia ya mhudumu huyo inaweza kuwa njema kabisa. Mama yule hata hivyo hakuulizwa, na habari ikishatoka kwenye simu ya mtu mmoja hairudi tena. Anayeifuta leo anaifuta kwake tu. Waliokwisha kuipiga picha wanayo.

Hakufukuzwa kwa sababu ya imani

Hapa ndipo wasomaji wengi walipochanganya mambo. Hospitali ilitaja siri ya mgonjwa. Haikusema imemwondoa muuguzi kwa sababu anapinga chanjo. Jimbo la Texas lenyewe tangu mwaka 2003 linawaruhusu wazazi kuomba watoto wao wasamehewe chanjo za shule kwa sababu za dhamiri. Kwa hiyo mama anayekataa kumchanja mwanawe katika jimbo hilo hajavunja sheria.

Suala la imani lenyewe lilikuja kufika kazini miaka mitatu baadaye, katika mji uleule. Mwaka 2021 taasisi ya hospitali za Houston Methodist iliwataka wafanyakazi wake wote wachanje dhidi ya UVIKO-19. Zaidi ya 100 walikwenda mahakamani kupinga, jaji akaitupa kesi yao. Mwezi Juni mwaka huo wafanyakazi 153 walikuwa ama wameacha kazi ama wameachishwa. Safari hii hapakuwa na siri ya mgonjwa yeyote iliyovuja. Mwajiri alisema anayemhudumia mgonjwa hana budi kupunguza uwezekano wa kumwambukiza.

Kuna njia rahisi ya kuona kuwa mambo haya mawili yanatofautiana. Geuza kisa cha muuguzi wa 2018. Chukua muuguzi anayeamini chanjo kwa moyo wote, amechoka kuona watoto wasiochanjwa wakiletwa wakiwa hoi. Siku moja anaandika mtandaoni: "Mtazameni huyu, mama yake alikataa chanjo." Ujumbe wake ni sahihi kitabibu, na wengi watampongeza. Lakini amemfanyia mtoto yule kosa lilelile. Mtoto hakuja hospitali kuwa mfano wa kufundishia umma. Alikuja kutibiwa.

Kwa nini mhudumu wa afya apinge chanjo?

Ni kosa kudhani kuwa mhudumu anayeogopa chanjo ni mjinga au hakusoma. Muuguzi akivua sare ni mama au baba kama wengine. Ana simu ileile, yumo kwenye makundi yaleyale, naye husikia habari za mtoto wa fulani aliyeanza kubadilika baada ya kuchomwa sindano.

Hofu nyingi kuhusu chanjo ya surua zilipata nguvu mwaka 1998, pale daktari Andrew Wakefield wa Uingereza na wenzake walipochapisha katika jarida la Lancet habari za watoto 12, wakiihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Baadaye ilibainika kuwa taarifa za watoto wale ziliandikwa kwa udanganyifu. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na mwaka huohuo Wakefield akafutwa kwenye daftari la madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto 657,461. Hawakuona kuwa waliochanjwa wanapata usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Hata hivyo hofu hufika mbali kuliko masahihisho. Mama mmoja akisema "mimi nilimwona mwanangu" ana nguvu kuliko jedwali la takwimu, na mwuguzi naye ana masikio.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu zake. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, wakidai imewekwa homoni ya kuzuia mimba. Baadhi ya madaktari wa kanisa hilo waliwaunga mkono. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha wakisema chanjo ni salama. Mwanamke wa kawaida akabaki katikati: daktari mmoja anasema choma, mwingine anasema kimbia.

Lipo pia lile ambalo muuguzi wa Houston alilisema mwenyewe: wengi hawajauona ugonjwa. Marekani ilitangaza mwaka 2000 kuwa surua haisambai tena mfululizo ndani ya nchi hiyo. Wauguzi waliosoma baada ya hapo wengi waliiona vitabuni. Chanjo ikifanya kazi vizuri, kinachobaki machoni pa watu ni sindano na mtoto anayelia. Ugonjwa uliozuiwa hauonekani, hivyo watu huona kana kwamba sindano ndiyo hatari peke yake.

"Aumwe tu, apate kinga ya asili"

Wazo la kumwambukiza mtoto makusudi halikuanza na muuguzi huyo. Wazee wengi wa pwani na bara wanakumbuka siku ambapo surua ilihesabiwa kuwa ni ugonjwa ambao kila mtoto lazima aupitie. Ila wazee haohao wanakumbuka pia kwamba si wote waliovuka.

Ni kweli aliyeugua surua akapona kwa kawaida haugui tena. Bei ya kinga hiyo ndiyo kubwa. Mamlaka za afya za Marekani zinaeleza kuwa kati ya watoto 20 wanaougua surua, mmoja hivi hupata nimonia. Kati ya watoto 1,000, mmoja hivi huvimba ubongo, na mmoja hadi watatu hufariki dunia. Hizo ni hesabu za nchi yenye hospitali nyingi na chakula cha kutosha. Mtoto mwenye utapiamlo au upungufu wa vitamini A yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na baadhi ya wanaopona hubaki na upofu.

Jingine lilithibitishwa mwaka 2019. Watafiti waliwapima watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Waligundua kuwa ugonjwa huo ulifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili ambazo watoto hao walikuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Kwa maneno mengine, mtoto aliyepelekwa kutafuta kinga ya asili ya surua anaweza kurudi amepoteza kinga ya asili ya magonjwa mengine mengi.

Tena surua haibaki kwa mtoto mmoja. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, hadi tisa wanaweza kuambukizwa. Mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku nne hivi kabla upele haujatoka, wakati nyumbani wanadhani ni mafua. Kichanga cha miezi minne kilichokaa kwenye foleni ileile bado hakijafikia umri wa kuchanjwa.

Chanjo nayo ina madhara yake madogo, na mhudumu mkweli huyasema. Mtoto anaweza kupata homa, vipele vidogo au maumivu pale alipochomwa. Mara chache homa huleta degedege, na kwa nadra sana hutokea mzio mkali, ndiyo maana mama huambiwa asubiri kidogo kituoni baada ya sindano. Mzazi anayeambiwa mambo haya mapema hashtuki usiku mtoto anapochemka.

Texas yenyewe imeonja matokeo ya watu kuacha kuchanja. Mlipuko wa surua ulianza Januari 2025 magharibi mwa jimbo hilo. Ulipotangazwa kwisha Agosti mwaka huo, watu 762 walikuwa wamethibitika kuugua, na watoto wawili wa umri wa shule ambao hawakuchanjwa walikuwa wamefariki dunia.

Siri ikivuja, tiba nayo inaharibika

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huu unamtaka mgonjwa aseme yote. Lakini unadai jambo kwa upande wa pili pia: anayeambiwa ajue kunyamaza. Nani atafunua maradhi yake kwa mtu atakayeyapeleka kwenye kundi la WhatsApp?

Mtoto mwenye homa na upele akifika hospitali, daktari huhitaji majibu ya kweli kwa haraka. Amechanjwa? Mlisafiri wiki mbili zilizopita? Nyumbani kuna mjamzito? Kuna kichanga? Kuna mtu anayetumia dawa zinazopunguza kinga? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama mtoto atatengwa na wengine na kama majirani watatafutwa.

Mama ambaye hakumchanja mwanawe anaijua aibu inayomsubiri. Akihisi kuwa jibu lake litakuwa gumzo la wauguzi, au litawekwa mtandaoni ili wengine wajifunze, atasema "amechanjwa, kadi imepotea". Uongo huo mdogo unaweza kuwagharimu watoto wote waliokaa kwenye benchi lile. Kwa hiyo anayelinda siri ya familia isiyochanja analinda pia familia zilizochanja.

Na huo ndio uzito wa imani ya mhudumu. Shirika la Afya Duniani, lililoiweka hofu ya chanjo miongoni mwa vitisho 10 vya afya duniani mwaka 2019, lilisema wahudumu wa afya ndio washauri wanaoaminiwa zaidi na watu katika suala la kuchanja. Muuguzi anaweza kuwa na mashaka yake, kama binadamu yeyote. Lakini mama akimwuliza akiwa kazini, anastahili kupewa maelezo ya taaluma, si minong'ono ya "mimi wangu sijamchoma".

Mzazi afanye nini?

Kwanza, jua kuwa una haki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Mhudumu au kituo hakina ruhusa ya kutangaza habari za mtoto wako kwa sababu tu mlifika pale kutibiwa.

Pili, mhudumu akitaka kumpiga picha mtoto, uliza: ni ya nini, itakaa wapi, nani ataiona? Picha ya kidonda inayowekwa kwenye jalada ili kufuatilia matibabu ni jambo moja. Picha inayobaki kwenye simu binafsi ya mtu ni jambo jingine. Unaweza kukataa, na kukataa picha kusimnyime mtoto matibabu.

Tatu, ukikuta habari za mtoto wako mtandaoni, hifadhi ushahidi kabla haujafutwa: picha ya skrini, tarehe, saa na jina la aliyeweka. Usianze kwa kujibizana kwenye maoni, maana kila jibu lako linaisambaza habari zaidi. Nenda kwa mganga mfawidhi wa kituo, uombe iondolewe na malalamiko yako yaandikwe. Usiporidhika, kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalosimamia maadili ya wauguzi, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nne, tujitazame sisi wazazi. Siku hizi mzazi anampiga picha mwanawe kitandani, na nyuma yake wanaonekana watoto wa wenzake wamelala na dripu. Wengine huandika kwenye kundi la darasa: "Mtoto wa mama fulani kalazwa, nasikia ni surua." Muuguzi wa Houston alipoteza kazi kwa jambo linalofanana na hayo. Mzazi hana kazi ya kupoteza, lakini mtoto anayeanikwa anaumia vilevile. Kama kuna hatari ya maambukizi darasani, mwambie mwalimu mkuu, na kituo cha afya kitatoa tahadhari bila kumtaja mtu.

Tano, ukikutana na mhudumu anayekukatisha tamaa kuhusu chanjo, usigombane naye na usiondoke. Mwombe akueleze sababu yake: je, mtoto ana mzio, ana ugonjwa unaopunguza kinga, au ni maoni yake tu? Zipo sababu za kitabibu za kuahirisha chanjo, na hizo huandikwa kwenye kadi. Kama hakuna cha kuandika, omba kuonana na daktari au msimamizi wa kliniki.

Mwisho, itazame kadi ya kliniki leo. Kwa Tanzania na Kenya, chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, mtoto akifikisha miezi tisa na tena miezi 18. Wengi huipata ile ya kwanza kisha huisahau ya pili, kwa sababu kati ya miezi hiyo safari za kliniki hupungua na mtoto ameshaanza kukimbia. Ikiwa sehemu ya miezi 18 iko wazi na umri umepita, mpeleke tu, hata kama umechelewa. Na kama kuna swali linalokusumbua kuhusu sindano hiyo, muulize muuguzi anayeichoma, ana kwa ana, naye akujibu bila kukutangaza.